Mkwe Niliyempa Matabishi

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Sisemi hivyo kwa kujisifu, na mke wangu akisema hanisifu. Tulipotoka Louisville tukaja Buffalo na kununua kinyumba chetu cha mbao huku Black Rock, niliweka kiti changu mbele ya dirisha, pale hewa ya moto inapopuliza miguuni, na mpaka leo kiti hicho hakijasogea. Naenda kazini ghalani, naenda kanisani, narudi kitini. Binti yetu mkubwa aliishi Columbus, mwendo wa saa tano kwa gari, na kwa miaka mitano nilimtembelea mara mbili, tena mara ya pili kwa sababu alikuwa mgonjwa.

"Baba yenu," mke wangu huwaambia watoto, "Mungu alimtoa Kivu kwa nguvu. Angemwuliza kwanza, mpaka sasa angekuwa amekaa kule, anangoja vita vipite."

Binti huyo wa Columbus anafanya kazi ya kutunza wazee, na kazini alimpata mchumba, kijana wa kutoka kisiwa kimoja cha Karibea. Alituletea kijana Buffalo. Akala ugali na sombe letu la majani ya muhogo, akaomba tena, akamsaidia mke wangu kutoa takataka nje. Sikumwona kosa. Walipoondoka mezani nikamwuliza binti lile swali ambalo baba wa aina yangu lazima aulize.

"Baba yake anafanya kazi gani?"

"Anafanya kazi kwenye kiwanja cha ndege," akajibu, mikono imo ndani ya povu la vyombo.

Bon. Hapo ningeuliza, anafanya nini huko? Sikuuliza. Jibu lilikuwa limeshanitosha na nilikuwa nimeshaanza kulikoroga. Jumamosi ile, Grant Street, dukani tunakonunua unga wa muhogo na samaki wakavu, nikamwambia mwenye duka kwamba baba wa kijana, mkwe wangu mtarajiwa, ni mtu wa kiwanja cha ndege cha kimataifa. Wiki iliyofuata akawa mmoja wa wakubwa wa hapo. Mwezi ulipoisha nilikuwa nimemfikisha mahali ambapo ndege haitui kisiwani mpaka yeye asaini. Mwenye duka alinisikiliza huku akipima dagaa, akasema, "Mzee, umepata mkwe." Nikajibu kwa unyenyekevu mkubwa kwamba ni Mungu.

Harusi ilipangwa kufanyika kwao kisiwani, maana wazazi wa kijana walikuwa wamenyimwa viza ya Marekani. Kwa hiyo ni mimi niliyepaswa kuinuka kitini. Ndani ya ndege mke wangu alinieleza mambo mengi kuhusu familia ile, mambo aliyokuwa akizungumza na binti kwenye simu kila jioni. Mimi nilikuwa nimeshika sehemu za mikono za kiti kwa nguvu zote, nikiisaidia ndege isianguke. Sikusikia hata moja.

Lazima nieleze desturi yetu ya kupokea wageni, kwa maana ndiyo iliyonipoteza. Sisi Wakongo wa Buffalo, mgeni wetu akitua, hasa familia inayotoka kambini, hatumtumii mtu mmoja na gari. Tunakwenda kanisa zima, na kwaya, na ngoma, na makoti ya watoto mikononi. Polisi wa kiwanja wametuzoea, wanatupisha tu. Donc, kichwani mwangu, kama sisi watu wa vibarua tunapokea hivyo, mkubwa wa kiwanja kizima atapokeaje?

Tuliteremka kwa ngazi, tukatembea kwa miguu juu ya lami yenye joto, tukaingia kwenye jengo dogo la rangi ya njano. Baada ya kugongewa mihuri tukafunguliwa ukumbi wa mizigo, na humo, ndugu zangu, kulikuwa na wazee wanne wenye kofia za majani, wanapiga gita na ngoma na kuimba.

"Unaona?" nikamwambia mke wangu. "Unaona mtu mwenye cheo?"

"Baba watoto, wale wanapigia kila anayeteremka."

"Nyamaza, unaharibu."

Nikacheza. Nilikuwa na suti yangu ya kijivu na kofia, nikacheza mbele ya wazee wale wanne kama tunavyocheza siku ya shukrani, mikono juu, na walipomaliza nikavua kofia nikawashukuru kwa Kiingereza changu cha ghalani, kwa niaba ya familia yote ya Buffalo. Wakatazamana. Kisha wakapiga wimbo mwingine kwa nguvu zaidi, na Wazungu wawili wakanipiga picha.

Nikiwa bado nahema, mzee mmoja mwembamba, shati la buluu la kazi lililopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, akaja na toroli. Alikuwa ameshachukua masanduku yetu yote mawili, hata sijamwonyesha ni yapi. Akayapanga vizuri, akafuta jasho la viganja kwenye suruali, akaninyooshea mikono yake miwili, akitabasamu, akaanza kusema kitu.

Niliijua mikono ya namna hiyo. Kwetu Kongo, mbeba mizigo akikutabasamia hivyo anataka matabishi, bakshishi yake, tena anayataka kabla ya kazi. Nikatoa dola mbili, nikaziweka katikati ya ile mikono miwili, nikaifunga vidole kwa vidole vyangu, nikamwambia, "Subiri hapo, nina mtu namtafuta."

Na nikamwacha. Kwa sababu upande wa pili wa ukumbi nilikuwa nimemwona mkwe wangu: mwanaume mnene, tai nyekundu, redio ya mawasiliano mkononi. Nikamwendea nimeinama kidogo, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, kama inavyotakiwa, nikamsalimia salamu zote za mkwe.

Akanitazama. "Hoteli gani?" akauliza.

Wakati huohuo mlango wa kioo ukafunguka na binti yangu akawa anapunga mkono kutoka nje, maana ndani hawaruhusiwi ila wafanyakazi. Akaniita kwa sauti ambayo ukumbi wote ulisikia.

"Baba! Umeshaonana na baba yake? Yuko ndani humo, ameingia kuwapokea!"

Nikageuka. Yule mzee wa shati la buluu alikuwa amesimama palepale nilipomwambia asubiri, mkono mmoja kwenye toroli, na ule mwingine bado umefungwa. Mke wangu alikuwa ameshapiga goti mbele yake anamsalimia. Yeye alikuwa amesikiliza ndani ya ndege. Yeye alijua tangu Buffalo.

Baadaye binti alinieleza yaliyobaki. Siku ile ilikuwa siku ya mapumziko ya mkwe. Ndugu wa wasafiri hungoja nje juani, lakini yeye hakutaka baba wa mkamwana wake apokelewe juani. Alivaa sare ya kazi siku yake ya kupumzika ili apate ruhusa ya kuingia, awe mtu wa kwanza kunishika mkono.

Alituendesha kwa gari lake mwenyewe. Nilikaa mbele, maana nilipewa nafasi ya heshima. Yeye alizungumza kwa upole, polepole, ili Kiingereza chake kinifikie. Kiwanja kikuu cha nchi yao kipo mji mkuu, ng'ambo ya milima. Zamani upande huu ulikuwa na kiwanja cha ndege ndogo tu, na mtu aliyetaka kwenda ng'ambo au kumpokea mtoto wake alipoteza siku nzima barabarani. Walipoirefusha njia ya kurukia, akasema, ndipo upande huu ulipokuwa sehemu ya dunia. Akanionyesha kwa kidole. Nyumba ile imejengwa kwa teksi ya kiwanja. Mama yule anasuka nywele za watalii. Shamba lile la pilipili, mzigo wake unaondoka na ndege ya asubuhi na kesho unaliwa ugenini. Ndege ikichelewa siku moja, soko zima linajua.

"Na waliofia ng'ambo wanarudi hapa hapa," akasema. "Hao tunawatoa wa kwanza kabla ya masanduku. Tunavua kofia."

Akapita shimo polepole.

"Wapo pia wanaorudishwa kwa nguvu. Wale hawana mizigo. Mimi huwasindikiza mpaka mlangoni hivyo hivyo, kwa sababu mara nyingi nje hakuna anayewangoja."

Nilitazama mikono yake kwenye usukani. Zamani kule Louisville, kwenye ghala la Jeffersontown, nilipokuwa nafunga maboksi, mgeni mmoja mwenye tai alipita akiongea na wenzake, akanipa kikombe chake cha kahawa kilichoisha, bila kunitazama, kama mtu anavyoweka kitu juu ya meza. Kisa hicho nimekisimulia miaka mingi. Nimewalilia nacho watu. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye gari la mtu nikijiuliza atasimulia nini yeye.

Tulipofika kwake, binti yangu alinivuta nyuma ya nyumba, kwenye matangi ya maji. Alikuwa analia kwa hasira, na akiwa na hasira Kiswahili humkimbia, kwa hiyo nilijua mambo ni mabaya maana alikuwa anasema Kiswahili kwa makusudi, neno kwa neno, nisipate pa kujificha.

"Ulimlipa baba yake. Mbele ya watu wote wa kazi yake."

"Sikumjua, mwanangu."

"Basi mwambie hukumjua. Umwombe msamaha kabla ya harusi Jumamosi. Usipomwomba, mimi kanisani nitaingia na mama. Wewe utakaa na wageni."

Kwetu, mtu akimkosea mkwe hamwendei mwenyewe. Anatafuta msemaji, mtu mzima anayejua kuzungusha maneno, na msemaji anakwenda na kitu mkononi. Nikamwomba mke wangu awe msemaji.

"Msemaji wa nini?" akasema. "Mimi nilipiga goti. Nenda wewe uliyecheza."

Jumatatu ikapita, na Jumanne, na Jumatano. Mkwe alikuwa akinisalimia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na mimi nilikuwa nikimjibu huku natazama viatu. Nilipata kiti kizuri barazani kwao, nikakizoea haraka. Alhamisi binti alinipitia pale, akanitazama, akaenda zake. Nikainuka.

Nilimkuta mkwe kiwanjani, nyuma ya ukumbi wa mizigo, kwenye benchi wanapokaa wabeba mizigo kungoja ndege ya mchana. Walikuwa kama wanane, wa sare moja. Aliponiona aliruka juu kwa furaha, akanishika bega.

"Afadhali umekuja. Waambie hawa!"

"Niwaambie nini?"

Mmoja wao, kijeba mwenye sauti nene, akacheka. "Sisi tunamwambia mkweo kwamba ulimdhania mbeba mizigo tu. Yeye anakataa. Anasema ni mila yenu Afrika, baba wa bibi harusi haanzi na salamu, anaanza na kuweka pesa kwenye mkono wa baba wa bwana harusi."

"Mtu hawezi kuvuka bahari yote ile aje kunitukana," mkwe akasema. Akawa ananitazama mimi. Wote wakawa wananitazama.

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Na yule mtu alikuwa amekaa siku nne na wenzake wanamcheka, akinitetea kwa mila aliyoitunga mwenyewe, kwa sababu hakutaka kuniwazia vibaya. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikapita.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mila ya zamani sana."

Mngedhani ningeishia hapo. Lakini mimi ni yule wa Grant Street.

"Tunatoa mbili," nikaongeza, "kwa sababu watoto ni wawili."

Wakapiga makofi. Mkwe akanikumbatia, na ndani ya mfuko wa shati lake nikahisi kitu kikikwaruza kama karatasi. Niliporudi nyumbani binti aliniuliza kama nimezungumza naye. Nikamwambia tumeelewana. Akanishika shingo akalia tena, safari hii kwa Kiingereza.

Jumamosi niliingia naye kanisani. Sitaki kuisifu harusi ya binti yangu kuliko inavyofaa, lakini ilikuwa nzuri, na nilitembea vizuri. Kisha tukaenda ukumbi wa shule kwa chakula. Ndege moja ilipita juu yetu chini kabisa, hotuba ikasimama, kila mtu akatazama saa yake kuona kama imewahi. Ilikuwa imewahi. Ndipo mkwe akachukua maikrofoni.

Akasema watu wa mkwe wake wana mila nzuri, na kwamba yeye alipokea heshima hiyo mlangoni pa nchi, na wao watu wa kiwanja hawataki wageni waende zao wakisema kisiwa hiki hakijui kujibu heshima. Mlango wa nyuma ukafunguka. Wabeba mizigo wakaingia kwa mstari, sare zimepigwa pasi, na kila mmoja ameshika noti mbili mpya.

Wa kwanza akaja mbele ya meza yetu, akanyoosha mikono, akaweka noti kwenye kiganja changu, akavifunga vidole vyangu kwa vidole vyake. Ndivyo mkwe alivyowafundisha. Hakuwa amesahau hata kufunga vidole.

"Daddy, what is this?" binti akaniuliza chini chini.

"Desturi."

"Desturi ya wapi?"

Wa pili akaja. Mke wangu, ambaye amezaliwa ndani ya mila zetu na kuolewa nazo, aligeuza kichwa pole pole akanitazama. Wa tatu alikuwa yule kijeba. Kiganja chake kilikuwa kigumu, na sugu pale chini ya vidole, mahali hasa zilipo zangu. Nikashindwa. Nikasimama, nikaomba maikrofoni.

Kiingereza cha ghalani hakina maneno ya kuzunguka. Kina "inua," kina "weka," kina "si hapa." Nikasema kwa hicho hicho. Nikasema hakuna desturi. Nikasema sikumjua. Nilikuwa natafuta mtu mwenye tai, kwa sababu nyumbani nilikuwa nimewaambia watu kwamba mkwe wangu ni mkubwa wa kiwanja. Nilimpa pesa abebe sanduku. Alhamisi nilikuja kuomba msamaha, nikadanganya. Naomba msamaha.

Mstarini walikuwa wamebaki watano na noti zao mkononi, hawajui waziweke wapi. Mmoja akazirudisha mfukoni mwa shati akafunga kifungo. Sikuthubutu kumtazama mkwe mpaka aliponifikia. Alikuwa amekunja uso kidogo, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akachukua maikrofoni mkononi mwangu bila kuivuta, akawageukia watu.

"Chakula kiko tayari," akasema.

Watu wakala. Wanamuziki wakapiga. Binti yangu alikuja akaweka sahani mbele yangu, wali na mbuzi, akasema, "Kula, baba," akarudi kwa mume wake. Mke wangu alingoja mpaka nimeweka tonge mdomoni.

"Kumbe kweli tuna desturi," akasema. "Ya mume kumsikiliza mke ndani ya ndege."

Nilitaka kucheka. Nikaisogeza sahani kando.

Jumatatu tuliondoka. Mkwe alikuwa kazini, kwa hiyo kijana wake ndiye aliyetupeleka. Niliyaburuta masanduku mwenyewe, yote mawili. Ukumbini mkwe alikuwa anasukuma toroli la familia moja ya watalii, limejaa mpaka juu. Alilisimamisha. Akamshika mke wangu mikono yote miwili, akamtakia heri, akawatumia salamu watoto wetu kila mmoja kwa jina, aliyajua yote. Kisha akanigeukia mimi. Mikono yake ilikuwa imesharudi kwenye toroli.

"Safari njema, mkwe."

"Asante, mkwe. Tutarudi. Mjukuu akizaliwa tutarudi."

"Karibuni," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu harusi akanitabasamia kidogo, tabasamu la kazini, lile wanalopewa wote. "Ukija tena nitakungoja nje, pamoja na wengine."

Akalisukuma toroli, watalii wakamfuata.